Kanisa Letu Mlilolichukua

Mchungaji Oddvar,
Usharika wa Naustvik.

Mchungaji mpendwa,

Natumaini hujambo, na paa la nyumba yako limeacha kuvuja. Nimekisoma chote kijitabu chako cha historia ya kanisa. Picha ni nzuri. Malalamiko yangu ni haya:

1. Umeandika kwamba kanisa "lilihamia" Naustvik. Kanisa la magogo halina miguu, Mchungaji. Babu zenu walilibomoa huku kwetu Lidal na kuliburuta juu ya barafu ya ghuba, babu zetu walipokuwa msituni wakikata kuni. Waliporudi walikuta misingi tu.

2. Mlipolijenga upya, madhabahu mkaielekeza mashariki, sawa, ndivyo ilivyo desturi. Lakini mashariki ndiko kwetu. Mlango sasa unatazama mlima wenu, sisi tumepewa kisogo. Nakiona kila ninapoosha vyombo.

3. Kwa kuwa ni letu, lirudishwe. Kila gogo lina alama ya shoka ya fundi wetu, hamtakosea. Nilipomweleza mtunza kanisa, Arnstein, alinicheka: "Mama Borghild, kwani hili ni kabati? Haya beba, anza na mnara." Sikupenda.

4. Likirudi, makaburi nayo yafuate, maana wafu hawaachwi bila kanisa. Nawe pia uje. Nyumba ipo, ila choo kiko nje.

Marehemu mume wangu, Sjur, alikuwa wa upande wenu. Kila tulipogombana juu ya jambo hili alisema, "Nyinyi watu wa Lidal, kanisa zima limewaponyoka, halafu mnataka mkabidhiwe mbuzi?" Sasa nimepata la kumjibu, na hayupo wa kubishana naye.

Nawangoja mafundi kabla hatujaanza kukata nyasi. Msalimie mkeo Turid, wanakwaya wote, na hata Arnstein.

Ni mimi muumini wako mtiifu,
Borghild Lidal

N.B. Barua hii ilikuwa bado mezani nilipovuka jana kupanda maua kaburini kwa Sjur, chini ya ukuta wa mashariki, huko huko kisogoni. Jua lilikuwa kali na lami ya kukinga magogo ya ukutani yasioze ilinukia kama nguo zake alipokuwa akirudi kutoka kuipaka. Nikainua macho, nikaona ng'ambo dirisha la jikoni kwangu. Kumbe tangu azikwe tunatazamana. Mafundi wasije. Kijitabu kibaki kilivyo. Ila ile nafasi iliyo wazi kando yake msimpe mtu, ni yangu.