Reli ya Miwa Hadi Lubao

Jumatatu, 11 Aprili 1994
Sifuna amekataa kubeba miwa yangu. Mkokoteni wa ng'ombe kijijini ni wake peke yake, na kiwanda cha sukari guru kiko kule chini, barabarani Lubao. Eti nilisema matangani kwamba maksai wake wanatembea kama watu wanaokwenda kulipa kodi. Nilisema, ndiyo, lakini kwa nia njema. Miwa imeshakatwa, inakauka. Mke wangu Kageha anataka nimwombe Sifuna msamaha. Mimi, Ignatius, nimwombe msamaha kwa sababu ya ng'ombe? Nitajenga reli.

Jumanne, 12 Aprili
Nimefika Butere kuitazama reli ya serikali. Kazi nyepesi. Vyuma viwili vimelazwa juu ya mataruma, yaani magogo yaliyokingama, na chini yake kokoto. Karani wa stesheni, mtu wa maneno mengi, akaniambia kokoto hushika mataruma yasihame na kupitisha maji ya mvua. Akasema pia upana kati ya vyuma haubadiliki hata kidogo, toka mwanzo hadi mwisho. Nikamshukuru. Ni wazi analinda ugali wake.

Jumatano, 13 Aprili
Reli: miti ya mikaratusi. Mataruma: nguzo za zizi na mbao za kitanda. Kageha ameuliza tutalala wapi. Nikamwambia maendeleo hayaji bure. Kokoto nimeziacha, mawe ni mzigo tu.
Upana nilipima kwa kamba. Nilipokwenda kunywa uji, mbuzi akala kipande. Nikaendelea na iliyobaki.

Ijumaa, 15 Aprili
Mvua usiku kucha. Mataruma ya upande mmoja yamezama kwenye tope. Kageha akasema reli imelala ubavu. Nikamweleza kwamba hiyo ni kona.
Toroli iko tayari. Magurudumu nimeyachonga mwenyewe, yana ukingo wa kushika reli. Breki ni miguu yangu.

Jumamosi, 16 Aprili
Kijiji kizima kilikuja. Sifuna naye, na maksai wake. Nilipanda juu ya miwa, nikasukumwa.
Mwanzo ulikuwa mtamu. Kisha tukafika pale mbuzi alipokula kamba. Reli zikabana, magurudumu yakaruka, toroli ikashika njia yake kupitia maharagwe. Wakati huohuo mama mkwe alikuwa akipanda mlima kuja kumwona mjukuu. Kwa mila yetu hata mkono sipaswi kumpa. Alipokwepa toroli aliteleza akakaa chini, nami nikamwangukia mapajani.
Akasema, "Mkwe, ungebisha hodi."
Maksai wa Sifuna walikula miwa iliyomwagika. Hawakuharakisha.

Jumapili, 17 Aprili
Wazee wameamua nimpe mama mkwe ingokho mbili, yaani kuku, na shuka ili kufuta aibu. Sifuna amemrudisha kwake kwa mkokoteni, taratibu, na akasema miwa iliyobaki ataibeba kesho, yaishe. Kageha alilia kwa furaha. Nikamwambia Sifuna asijisumbue.
Nimeshagundua kosa. Kosa ni ardhi. Mzigo unatakiwa upite hewani, ukining'inia kwenye waya kutoka mti hadi mti. Nimemwomba Kageha waya wake wa kuanikia nguo. Hakunijibu, ameukalia tu.
Kukaa kimya ni kukubali.