Mabano ya Mwalimu Wabwire

Jumatatu, 3 Machi 2025. Kisian.

Leo nimepata wazo. Si wazo dogo! Caren alinikuta nikitabasamu peke yangu, akaweka pasi chini, akauliza ni nini tena. Mke wangu ni fundi cherehani. Hana imani na kitu kisichopimwa.

Mambo ni hivi. Nimetoka kwa Mwalimu Wabwire, aliyenifundisha kompyuta Maseno kabla hajastaafu. Nimemkuta pua karibu iguse skrini, anahesabu mabano kwa njiti ya kiberiti. Programu yake ameiandika kwa Lisp, lugha ya kompyuta ambayo kila kitu hufungwa ndani ya mabano, na mabano hayo ndani ya mabano mengine, mpaka mwisho wa mstari unakuta tisa yamepanga foleni. Moja limepotea. Programu imegoma tangu Krismasi. Na macho ya Mwalimu yanazidi kufifia.

Programu yenyewe huchagua nyimbo za kwaya. Kazi hiyo ilikuwa ya marehemu mkewe, Mama Dorca, kwa miaka ishirini. Mwalimu ameandika humo kanuni zake zote: wimbo wa msiba usifuate wa harusi, sauti ya tatu isichoshwe mara mbili mfululizo, na kadhalika. Ameniambia kwa sauti ya chini kwamba kama hadi Jumapili hatalipata hilo bano, atafunga kompyuta na kumpa mpwa wake wa Awasi. Kanuni za Mama Dorca zitaishia hapo. Nilitaka kulia. Nikajikaza, nikaomba chai.

Hapo ndipo wazo likaja. Nitamtengenezea programu ya kutia msimbo rangi! Bano la kufungua na mwenzake wa kufunga watavaa rangi moja. Lisilo na mwenzake litabaki jeupe, peke yake, aibu tupu. Mwalimu ataliona mara moja. Ziko nyingine za namna hiyo tayari, lakini Mwalimu huandikia kwenye kihariri, programu ya kuandikia msimbo, alichokiunda mwenyewe zamani na hataki kusikia kingine. Kwa hiyo ni mimi tu.

Na ataacha kusema kwamba Mathews ndiye mwanafunzi wake bora. Mathews yuko Nairobi. Alimtumia kiti cha ofisi kinachozunguka. Kiti!

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika tangu asubuhi. Mteja alikuja dukani kwangu kutoa kopi ya kitambulisho. Nikamwambia arudi wiki ijayo, kuna sayansi inaendelea.

Nimefanya jambo ambalo Mathews hangelifikiria hata akizungushwa kwenye kiti chake. Mabano ya kufungua nimeyapa orodha yake ya rangi, ya kufunga orodha yake. Kisha nikazilinganisha moja baada ya nyingine kwa jicho langu, bila kutegemea namba ambazo kompyuta hutambulia rangi. Namba ni za waoga. Saa tatu nzima! Sasa hakuna tofauti hata chembe.

Caren alipita na futi yake shingoni. Akasimama. Akauliza kama yale mawili yanafaa kufanana. Nikamwambia ni pacha hayo. Akaitazama skrini tena, akasema ugali unapoa.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi: ushindi! Nimeiweka kwenye kompyuta ya Mwalimu. Rangi zikawaka kwenye skrini nyeusi. Amepiga makofi. Amesema tangu mwaka jana hajaona mabano kwa uwazi namna hiyo. Nimerudi nyumbani kwa miguu ili watu wanione.

Alasiri: simu. Mwalimu, sauti imechoka. Amesema amekuta mabano arobaini na matatu yasiyolingana na wenzao. Jekundu linafungua, la kijani linafunga. Hakuamini kwamba aliandika vibaya kiasi hicho. Lakini rangi ni za Okinyi, yaani mimi, na Okinyi alikuwa kijana makini darasani. Kwa hiyo ameyafuta yote. Akahifadhi.

Yalikuwa mabano mazima! Mzee wa watu ameamini rangi zangu kuliko kichwa chake. Sasa programu ni kifusi, na hana nakala. Sikuweza kula.

Alhamisi, 6 Machi

Nimegundua chanzo. Skrini! Mwalimu aliinunua mjini Kisumu kwa Falguni, muuza kompyuta. Nimeibeba, nimefika dukani kwake kabla hajamaliza kufungua milango, nikamwambia vifaa vyake vinaua wazee.

Falguni ameiunganisha na kompyuta yake, nikafungua mabano yangu ya rangi. Akawaita wahudumu wawili na mama mmoja aliyekuja kununua chaja. Wote wamesema lile ni jekundu, hili ni la kijani. Njama! Falguni akanipa karatasi yenye vitone vya rangi, akauliza naona namba gani. Nikamwambia sijaja kucheza bahati nasibu. Hakukasirika. Amenifungia skrini vizuri kwenye boksi, akasema polepole, “Bwana Okinyi, enda uulize madam wa nyumbani. Yeye anajua.”

Anajua nini?

Ijumaa, 7 Machi

Anajua kila kitu.

Nilimuuliza Caren akiwa anapiga pasi. Akaizima pasi. Alileta mashati yangu yote, akageuza kola. Ndani ya kila kola kuna mishono midogo ya uzi mweupe. Nimeiona miaka sita. Nilidhani ni mapambo. Uzi mmoja, shati la kijani. Nyuzi mbili, jekundu, kwa sababu macho yangu hayatofautishi rangi hizo mbili. Ili asubuhi akiwa ameshatoka, nisivae kitu cha kunifanya nichekwe mbele za watu. Alikwisha kunizoesha kwamba nyuzi mbili ni za Jumapili.

Ndiyo maana hanitumi nyanya. Nilidhani ni kwa sababu wauzaji hunionea, nina sura ya upole. Kumbe niliwahi kuleta kilo mbili mbichi kabisa, za kijani, nikazisifu njia nzima. Ndiyo maana siku ya kununua suti ya harusi alisisitiza kuja.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema mwaka wa kwanza aliogopa nitaona haya. Mwaka wa pili ilikuwa imeshakuwa kazi yake, na aliipenda. “Yawa, Baba Debra, ni uzi tu.”

Nimelia. Naandika wazi, hii ni shajara yangu. Naye akalia, akasema Jumanne alipaswa kusema, aliona rangi zile akadhani ni michoro tu.

Kisha akauliza nani mwingine ana nakala ya programu ya Mwalimu. Nikasema hakuna. Akanitazama. Nikasema pengine mtu mmoja, Mwalimu humtumia kila anachoandika, lakini afadhali nichapwe. Alikuwa ameshampigia Mathews. Nakala imefika kabla pasi haijapoa, pamoja na salamu kwangu na kwa mtoto wetu Debra. Mtu wa kujionyesha sana!

Jumamosi, 8 Machi

Caren amefunga cherehani siku nzima. Amekuja nami kwa Mwalimu na mfuko wa nyuzi za kila rangi. Akatandika kitambaa cheusi mezani, akapanga nyuzi, akamwomba Mwalimu aonyeshe zile anazoziona bila kukunja uso. Samawati. Njano. Akanigeukia, akauliza kama nami naona tofauti. Naona! Tukaendelea hivyo, uzi kwa uzi, kama wanaopimwa nguo, mpaka tukapata rangi nne zinazotutosha sote wawili. Nimefuta orodha ya pili. Orodha moja. Inatosha, inaonekana.

Nakala ya Mathews ikafunguka. Mwalimu akashuka nayo polepole. Kwenye kanuni ya sauti ya tatu akasimama. Bano moja jeupe, halina mwenzake. Akalifunga mwenyewe kwa kidole kimoja.

Programu ikaenda. Nyimbo tatu zikatokea kwenye skrini. Mwalimu akazisoma moja moja, akasema, “Haya, Dorca.” Caren akamshika bega. Mimi nilijifanya natafuta plagi chini ya meza.

Jumapili, 9 Machi

Wimbo wa tatu kwaya haikuwa imeufanyia mazoezi. Sauti ya tatu ilipotea kabisa, ikarudi ubeti wa mwisho. Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. Amesema ndivyo mkewe angechagua, na angewagombeza vilevile. Kompyuta haiendi Awasi.

Baada ya ibada alisimama kushukuru watu. Caren wa kwanza. Mathews wa pili. Mimi wa tatu! Tena akasema mwanafunzi wake bora ni huyu fundi, na hata hakumfundisha. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, kwa nguvu. Nimeoa vizuri.

Lakini Mathews wa pili? Hilo halikubaliki. Bahati nzuri nimemsikia Mwalimu akisema Mama Dorca alitaka siku zote geti lao lipakwe rangi ya kijani.

Jumatatu, 10 Machi

Nimejifunza mengi wiki hii. La kwanza, Mathews ana bahati.

Nimenunua rangi ya geti, mimi mwenyewe, sikumuuliza mtu. Kopo halina karatasi ya jina, lakini kifuniko kilifunguliwa nikaona kwa macho yangu: kijani safi. Muuzaji aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia nimetengeneza programu ya rangi, yeye je?

Caren amechungulia ndani ya kopo. Ameingia chumbani, nikamsikia akicheka kile kicheko cha kushikilia meza. Akatoka na mkasi. Akakata uzi mweupe, akaufunga kwenye mkono wa kopo, kisha akafunga mwingine kando yake. Nyuzi mbili, nadhifu kabisa. Mapambo! Mwanamke huyu ananipenda.

Amesema kesho tutaenda wote kwa Mwalimu, ila na kopo letu tupitie dukani kwanza. Sijui tunafuata nini huko. Pengine brashi.