Malalamiko Dhidi ya Karata ya Gharika Iliyo Mkononi mwa Mkwe Wangu

Kitongoji cha Bondeni,
Mlalo, Lushoto.
Ijumaa, 12 Februari 1999

Ndugu Katibu,
Kamati ya Mfereji.

YAH: KUFAGILIWA MEZANI ALHAMISI TATU MFULULIZO

Ndugu Katibu Zabron, shikamoo. Onga mshi, kama msalimianavyo huku Usambara.

Mimi ni Hashimu, mume wa Shamsa, mwenye shamba la mwisho kule mfereji unapoishia kwenye matete. Najua unanifahamu, na jana tu tulikuwa meza moja. Lakini nilikuwa karani wa shirika la umma kwa miaka mingi, na barua isiyomtambulisha mwandishi siwezi kuiandika hata mkinifunga kamba.

Nalalamika rasmi kuhusu karata za kufagia meza. Kwa kuwa barua hii inaweza kufika mbali, kwa Mkuu wa Wilaya na ikibidi mpaka kiwanda kilichozichapa huko ughaibuni, naomba nieleze tangu mwanzo, hata yale unayoyajua.

Wenye mashamba ya mfereji wetu hugawana zamu ya maji ya kiangazi kwa kucheza karata. Mnasema ndivyo walivyofanya babu zenu na ndiyo njia isiyoleta ugomvi. Sawa. Karata za zamani zilichakaa, ree ya kopa ikatafunwa na panya, ndipo Nikodemo muuza mitumba alipofungua robota la nguo za watoto pale sokoni Lushoto, akakuta katikati ya fulana boksi zima la karata za kigeni. Hizi hazina kopa wala shupaza. Zina majoka, askari wa chuma na paka wenye mabawa, na kila moja ina maandishi ya Kiingereza yanayosema inaweza kufanya nini. Tena ni za michezo mitatu tofauti iliyochanganyika: zenye mgongo wa kahawia, wa buluu na mwekundu. Kamati ikampa Mwalimu Secilia kazi ya kutafsiri, kisha ikapitisha kwamba zote ni mchezo mmoja. Kila mtu hupanga viumbe wake mezani, wanapigana, na mwenye viumbe wengi inapoadhiniwa alasiri ndiye anayefungulia maji wiki nzima.

Hapo sikuwa na neno. Majoka yangu yalikuwa yanakwenda vizuri. Neno langu ni hizi karata ambazo mtu hutupa moja tu, na kila kitu ulichojenga tangu mchana kinaondoka. Malalamiko yangu ni haya.

1. Nguvu zake hazilingani, na gharama zake ndiyo kabisa. Karata ya kahawia iitwayo Gharika inaua viumbe wote mezani, wa mwenye karata na wa wenzake. Ili kuitumia ni lazima uwe umelaza mezani karata sita za mashamba, ndizo malipo, yaani uvumilie karibu mchezo mzima. Ukatili wake nauona, ila jasho lake nalo naliona. Nyekundu iitwayo Radi inaua viumbe wote wa mpinzani mmoja unayemchagua, wako wanabaki wamesimama. Yenyewe inataka mashamba manane. Sasa njoo kwa ile ya buluu, Kimbunga, anayoshika Fanueli wa shamba la juu. Inamrudishia kila mtu viumbe wake mkononi. Gharama yake? Kutupa karata moja, basi! Labda huko kwao katika mchezo wa buluu kila mtu anayo, ngoma inakuwa droo. Hapa kwetu mimi nimehangaika kulipia joka mashamba saba, Fanueli anatupa karata ya paka mwenye mafua, joka langu linarudi mkononi likinitazama. Ni kama umelima kabichi msimu mzima, halafu siku ya gulio lori linashusha kabichi za kutoka sijui wapi kwa bei ya kutupwa, na ofisa biashara anakwambia ndiyo soko huria, changamka.

2. Tafsiri ya neno "viumbe". Mkwe wangu, mama yake Shamsa, alipoitupa Gharika mara ya kwanza, nilisimama kwa adabu nikasema askari wangu ni wa chuma, hakuzaliwa na mtu, hanyonyi wala hali, kwa hiyo si kiumbe. Kamati ikawaita Mwinjilisti na Ustaadhi. Wote wawili wakasema kila kilichopo kimeumbwa. Nimeishi hapa miaka kadhaa, sijawahi kuwaona wakikubaliana hata juu ya saa, na siku walipokubaliana ilikuwa dhidi yangu. Nikamtoa askari mezani. Lakini mliendelea mkamchukua na nyangumi wangu. Nyangumi, Ndugu Katibu! Nyangumi amekufa kwa gharika! Hivi kweli katika watu wazima wote mliokaa pale hakuna aliyeona tatizo? Mwalimu Secilia alisema maandishi hayamtaji nyangumi. Hata mimi hayanitaji, je, nami nizikwe?

3. Hili ndilo linaloniuma zaidi, na ninaliandika kwa heshima zote. Jina la mama mkwe wangu siwezi kuliandika hapa, unajua mila. Siwezi kumtazama usoni. Siwezi kukaa naye uso kwa uso, ndiyo maana mimi nachezea upande wa ukuta, shingo imepinda kama kuku aliyesikia mwewe. Nikitaka kushambulia, joka langu lazima lizunguke kwa Fanueli, maana hakuna mkwe wa kiume katika Usambara yote aliyewahi kupeleka joka kwa mama wa mkewe akabaki na mke. Wiki ya kwanza joka langu liligusa ndama wake kwa bahati mbaya, na Shamsa hakunipa chai asubuhi.

Sasa angalia hesabu hiyo. Mimi ninayo Radi, karata kali kuliko zote kwenye boksi. Nikimpiga nayo Fanueli, anabaki mkwe wangu, naye anatupa Gharika. Nikimpiga nayo mkwe wangu, niende wapi? Nilale wapi? Ninaishi kwenye kiwanja chake! Nguvu ya karata inapimwa kwa anayeweza kuitumia, na mimi nimeshika bunduki iliyofungwa kamba ya ukwe. Yeye hana kamba yoyote. Anafagia kwa utulivu kama anayefagia uwanja wake, anakusanya khanga yake, anaondoka. Na hata neno la pole haruhusiwi kunipa, wala mimi kuliomba.

4. Mnaweza kusema ni mchezo tu. Ndugu Katibu, niliwahi kufagiliwa kabla ya karata hizi. Mwaka tisini na mbili nilikuwa na meza yangu ya mbao, muhuri, birika la ofisi na kiti kinachozunguka. Tukaitwa uwanjani. Mkurugenzi akasoma karatasi moja, nayo ilianza hivyohivyo na neno "wote". Tuliingia asubuhi watu mia na kitu, mchana palikuwa na mlinzi na mbwa. Nilirudi kwa mke wangu na begi moja, na msimu huu ndipo nikapewa kipande cha shamba mwisho wa mfereji, na wanaume wenzangu wakanitazama mnavyomtazama mwanaume anayelima ardhi ya mkwe. Kabichi hizi ndizo kitu cha kwanza nilichopanda kwa mkono wangu mwenyewe. Zikifika sokoni, nitapandisha kichwa. Zikifa, mimi ni mzigo wa wanawake wawili mpaka nife. Leo asubuhi majani yake ya nje yamelala chini, ukiyashika yanakatika kama karatasi. Wiki hii ikipita bila maji, hakuna cha kuvuna.

Ndiyo maana kila Alhamisi meza ikifagiliwa mimi huinuka nikaenda zangu bila kuaga. Siwezi kukaa kumwona aliyefagia akipewa maji. Najua kwamba hayo ni utovu wa nidhamu, na ninyi mlivyokuwa mnanikodolea macho pale mlangoni nimeyaona, lakini machozi ya mtu mzima si ya kuonyeshwa kamati. Shamba la mkwe wangu siwezi kwenda kulichungulia, ila sina shaka linameremeta. Karoti za Fanueli ninaziona kutoka barabarani. Zimenenepa mpaka zinasukuma udongo! Jamani, hata haya hazina.

5. Kwa hiyo naomba Kamati ipitishe yafuatayo. Kwanza, karata yoyote ya kufagia itolewe taarifa ya maandishi siku saba kabla, ibandikwe kwenye mti wa matangazo. Pili, viumbe watakaofagiliwa walipwe kiinua mgongo, maana mimi sikulipwa na bado nafuatilia. Tatu, kila mfagiaji aeleze mbele ya watu kwa nini anafagia na nyangumi amemkosea nini. Nne, karata za buluu zilipiwe ushuru wa kuingia mfereji wetu. Tano, na hili nalisema kwa upendo, mama mkwe wangu apandishwe cheo awe Mlezi wa Kamati wa maisha, apewe kiti chenye mto na soda kila kikao, kwa masharti kwamba Mlezi hagusi karata. Sita, kama hilo la tano litaonekana ni utovu wa heshima, basi ifutwe mila ya ukwe katika wilaya nzima kila Alhamisi kuanzia adhuhuri hadi alasiri, ili na mimi nimtazame mtu machoni nikimwangushia Radi.

Na kama hayo yote hayawezekani, ifagiliwe Kamati yenyewe, Katibu akiwemo, muone inavyouma.

Nakuomba usinichukie. Nisalimie mama watoto, wajukuu, na yule ng'ombe wenu aliyezaa juzi. Msalimie Mwalimu Secilia, mwambie tafsiri yake ni nzuri ila haina huruma. Wasalimie Mwinjilisti na Ustaadhi, kila mmoja kwa salamu yake. Hata Fanueli msalimie, kidogo.

Ni mimi niliyefagiliwa,
Hashimu Shembilu,
Karani Mstaafu kwa Lazima.

Nakala: Mkuu wa Wilaya, Lushoto.
Nakala: Kiwandani.

Nyongeza: Ndugu Katibu, nilimwomba Shamsa bahasha. Akaichukua barua akaisoma yote, akakaa chini sakafuni. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kisha akawa analia kweli.

Ananiambia eti mfereji huu una desturi ambayo hata watoto wenu wa darasa la kwanza wanaijua, isipokuwa mimi niliyekulia Tanga mjini: meza ikibaki tupu hakuna mshindi, na pasipo na mshindi maji ni ya shamba la mwisho. Kwa sababu wa mwisho ndiye anayeibiwa na kila aliye juu yake. La mwisho ni langu. Yaani kila Alhamisi mliyonikodolea macho mlikuwa mnangoja mwenye maji achukue jembe!

Kila mmoja wenu alidhani mke wangu ameniambia. Mke wangu alidhani nimejua siku nyingi, na kwamba ninayaacha maji makusudi kwa kiburi, sitaki kupokea kitu cha mama yake. Wiki tatu amekuwa akimwonea haya mama yake kwa ajili yangu, na hakusema neno. Mimi niliyaacha kwa ujinga. Fanueli akayaokota, maana maji yasiyozibuliwa hurudi juu kwa anayeyataka. Simlaumu. Ningekuwa mimi ningeyaokota pia.

Na mkwe wangu, Shamsa anasema, hajapata tone. Gharika inaua na viumbe wake mwenyewe. Jana alikuwa na viumbe tisa mezani, alikuwa anashinda wazi, ningeliona hilo kama ningethubutu kugeuza shingo. Akawaua wote. Maharage yake yamekauka mpaka kwenye mizizi, tangu wiki iliyopita anachuma majani yake anampa mbuzi. Mama yule hawezi kunisemesha, hawezi kunipa kitu mkononi, hawezi hata kunipita njiani bila kuingia kichakani. Alitafuta njia moja ya kunipa maji, nami nimemwandikia Mkuu wa Wilaya.

Naomba uichane barua hii. Usiisome kwenye kikao. Kama tayari umeisoma, sema aliyeandika ana homa. Karata zote za kufagia zibaki kama zilivyo, isipokuwa ya Fanueli, hiyo msimamo wangu haujabadilika.

Alhamisi ijayo mniweke palepale ukutani. Nikipata mashamba manane nitampiga Fanueli Radi, viumbe wangu nitawapeleka wote vitani wakafe, na mtu asimruhusu mama kuitupa Gharika. Mnyang'anyeni kama ni lazima, mimi siwezi kumgusa. Kuna maharage ya kupanda upya.

Bahasha sijaipata. Shamsa amesimama mlangoni na jembe, anasema nisipokwenda sasa hivi kuzibua, atakwenda yeye.