Maana ya Pili ya Roho Ngumu

Ndugu Mhariri wa Kamusi,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na wasaidizi wako mnaokaa huko mkihesabu maana za maneno mu wazima. Mimi si mzima. Mimi ni fundi samani mwenye karakana ya chumba kimoja nyuma ya duka la rangi, na kamusi yako ninayo. Nimeitumia vizuri sana miaka yote kukandamizia mbao zilizopakwa gundi, na haikuwahi kunikosea mpaka siku nilipoifungua kuisoma.

Nakuandikia kuhusu neno roho. Kwa kifupi, limenivunjia nyumba.

Mama mkwe wangu alilazwa, akapasuliwa tumbo, hali ikawa mbaya mpaka watu wakaanza kuulizana chinichini habari za turubai. Mimi, kwa kuwa ni fundi, niliulizwa kwa upole kama nina mbao ndefu. Akapona! Tena alipofumbua macho tu akauliza nani kamvalisha gauni baya vile. Nilifurahi mno, kwa sababu yule mama nampenda. Alinipa binti yake wakati sina hata randa yangu mwenyewe. Nikaamua kumchongea kiti cha kumkaribisha nyumbani, kwa mbao ngumu kuliko zote nilizokuwa nazo, na kwenye kiegemeo nikataka maneno yanayomfaa mwanamke aliyekishinda kisu. Ndipo nikafungua kamusi yako. Chini ya "roho ngumu" nikasoma: ushupavu, uwezo wa kustahimili mateso. Nikasema haya ndiyo yenyewe, nikashika patasi.

MAMA MWENYE ROHO NGUMU. Herufi kubwa, zimezama ndani ya mbao barabara.

Nilikifunua kiti mbele ya ukoo mzima wa mke wangu. Shemeji yangu akakohoa ndani ya glasi yake. Mama mkwe akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena, kisha akasema amechoka, anataka kulala. Mke wangu akaninong'oneza akitaka kujua kama nimelewa au ndivyo nilivyo. Kumbe, ndugu yangu, ipo maana ya pili: ukatili, kutokuwa na huruma. Ilikuwa hapohapo chini, imefunikwa na tone la gundi. Sikatai, gundi ilikuwa yangu. Lakini maana ni yako.

Tangu siku hiyo mke wangu yuko kwa mama yake, anamuuguza mtu aliyekwisha kupona. Sharti lake ni moja tu, kwamba niyafute maneno yale au niisahau njia ya pale. Kiti nacho wamekigeuza kinatazama ukuta, kama mtoto aliyeadhibiwa. Nalala peke yangu, nakunywa chai peke yangu, roho inaniuma, na hata hapo sijui ni maana namba ngapi.

Kwa hiyo naleta malalamiko yangu kwa utaratibu:

1. Neno hili limepewa kazi nyingi mno. Mtu akifa, amekata roho. Akiogopa, roho iko juu. Akipanda pikipiki ya shemeji yangu, roho iko mkononi. Akisikia harufu ya nyama kwa jirani, roho inataka. Sasa nauliza kwa heshima, hiyo roho inakaa wapi? Nimeunda makabati ya kila aina, na sijaona kitu kinachohama droo namna hiyo.

2. Kuna roho ya paka. Baada ya mkasa wa kiti nilimtumia mama mkwe ujumbe wa kumtuliza, kwamba nilichomaanisha ni kuwa ana roho ya paka. Mke wangu alinipigia simu sijaweka hata yangu mfukoni. Inaonekana ukimwambia mtu hivyo, ni kama ulikaa ukingoja afe na sasa umechoka kungoja. Haya, si mngeandika?

3. Mkarimu ana ukarimu. Mjasiri ana ujasiri. Mroho ana nini? Ana sahani mbili! Mchungaji wetu kila wiki anatuhimiza tuwe watu wa roho, na ibada ikiisha tukikimbilia chakula anatuita waroho. Mhariri, tushike lipi?

4. Spiriti. Najua utaniambia hilo ni neno jingine kabisa. Si jingine, ni roho ileile imevaa suruali ya kigeni. Mimi ninayo ndani ya chupa, nayeyushia vanishi. Muuguzi anayo, anatupaka kabla ya sindano. Sasa shemeji yangu huyu wa pikipiki ndiye kocha wa timu ya mtaa. Alikuja karakana analalamika kwamba wachezaji wake hawana spiriti. Mimi ni mtu wa kusaidia, nikampa chupa nzima. Akawasugua nayo miguu iliyochubuka mazoezini, na naambiwa hawajawahi kukimbia vile tangu timu ianzishwe, ingawa wote walielekea bombani. Naye sasa hanisemeshi.

5. Hakuna anayeweza kunitibu. Mchungaji niliyemwomba atupatanishe alisema nina roho chafu. Jirani anasema nina roho ya kwa nini. Nikaenda kwa daktari, nikamwambia roho inanienda mbio, akanipima moyo. Akasema moyo mzima kabisa. Roho hakuipima, hana kifaa.

Sasa ombi langu. Nimefikiria sana kuyafuta yale maneno. Lakini mbao ile ni ngumu, na nikiiparua mpaka herufi ziishe, kiegemeo kitabaki chembamba kama biskuti, na mama mkwe akiegemea huegemea kwelikweli. Kiti hakibadiliki. Kwa hiyo nimeona ni rahisi zaidi kubadilisha lugha.

Naomba unichapie kamusi nakala moja tu, ambayo roho ngumu ina maana ya kwanza peke yake, na imfikie mama mkwe Jumamosi kabla ya chakula cha mchana. Jalada ulichakaze kidogo, asije akashtuka kwamba ni jipya. Yule ana macho. Ukiweza, ongeza mfano wa matumizi: "Mkwe mwema alimsifu mama mwenye roho ngumu." Hilo likishindikana, uje mwenyewe ujieleze, na uje umeshiba, kwa sababu pale siku hizi hakuna anayepika kwa furaha. Na hilo nalo likishindikana, itabidi nidai neno zima liondolewe, watu wakifa wafe bila kukata chochote.

Nisalimie wapiga chapa, nisalimie wasahihishaji wote na familia zao. Yule aliyeandika maana ya pili naye msalimie, ila awe wa mwisho.

Ni mimi, kwa masikitiko na kwa roho safi, ichukue kwa maana yoyote uliyonayo,

Fundi wa nyuma ya duka la rangi

Tanbihi: Nilikuwa nalamba bahasha, mke wangu akaingia na begi lake. Niwie radhi kwa doa hilo, niliangusha vanishi. Anasema jana mama yake alikigeuza kiti mwenyewe, akakikalia, akagoma kuinuka. Walipomwambia kitarudishwa kwa fundi kikafutwe, akawauliza, angekuwa na roho laini, leo wangekuwa wanamlilia nani? Na maana ya pili pia anaitaka. Anasema alipofiwa na mume akabaki na watoto wadogo, wale waliokuja kumnyang'anya nyumba hawakufukuzwa na maana ya kwanza. Kwa hiyo, Mhariri, nakuomba usifute kitu. Zote mbili ni zake.

Ila ameniagiza kiti kingine cha zawadi kwa dada yake, na kwenye kiegemeo anataka ROHO MBAYA. Nimetafuta katika kamusi yako maana nzuri ya hayo maneno, nimebandua hata gundi, sijaiona. Tafadhali iongezeni kabla ya Jumamosi.