Kijiko cha Bafuni

Leo nimeaibika, tena ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Mnajua mimi ni landilodi. (Nyumba moja, mpangaji mmoja, hapa Malaba. Lakini landilodi ni landilodi!) Mpangaji wangu, Mwalimu Ekisa, amepata uhamisho kwenda Matayos na leo ndiyo alikuwa anahama. Mimi sijawahi kuhamwa na mtu. Nikauliza watu, wakaniambia: kagua kila kitu kabla hajatoka, wapangaji ni wajanja. Na saa nne Sista Nekesa, nesi anayetafuta nyumba, alikuwa aje kuiangalia. Huyo nilimtaka kufa kupona. Dada yangu aliniambia ninunue ng'ombe badala ya kujenga. Nyumba ikikaa tupu hata mwezi mmoja, atanicheka mpaka Desemba.

Basi nikavaa koti la kanisani, nikabeba kalamu na karatasi, nikafika saa tatu. Mkokoteni ulikuwa getini, umeshapakiwa karibu wote. Nikagonga kuta. (Sijui nilikuwa nasikiliza nini.) Nikawasha taa, nikazima. Kufika bafuni, nikakuta kijiko kimening'inia kwenye msumari. Kijiko! Tena kimepondwa kikawa bapa.

"Mwalimu, hiki ni cha nini?"

"Madam, hicho ni cha..."

"Bafuni kunaliwa nini? Toa vitu vyako vyote! Nataka nyumba vile nilikupa."

"Lakini madam, ule mlango nilikuambia..."

"Mlango hauna shida!"

(Kweli alikuwa ameniambia. Tangu Krismasi. Kila mara nilimjibu, "Nitaangalia.") Mwalimu akachukua kijiko, akaenda kukipakia. Aliporudi, nikaingia bafuni nimwonyeshe kwamba mlango ni mzima. Nikaufunga. Kwa nguvu.

Kushika kitasa nitoke, kikazunguka tu. Nikazungusha huku, nikazungusha kule. Kikachomoka, kikabaki mkononi.

"Mwalimu?"

"Madam."

"Hapa unafunguaje?"

"Kwa kijiko, madam."

Wueh! Na kijiko kiko wapi? Kwenye katoni ya vyombo, chini kabisa ya mkokoteni, juu yake kitanda, viti na magunia mawili ya mahindi. Mwalimu na mwenye mkokoteni wakaanza kupakua. Jirani akaja na kijiko cha plastiki, kikavunjikia mlangoni. Mwingine akaja na simu apige picha. Nikamwomba Mungu foleni ya matrela ya mpakani imzuie Sista Nekesa huko barabarani. Wapi! Boda boda ilimpenyeza, akafika hata kabla ya saa nne.

"Hodi! Mwenye nyumba yuko?"

"Yuko bafuni," Mwalimu akamjibu.

"Basi tumngoje amalize."

"Sista, hajaanza chochote. Amejifungia."

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini yule mwalimu, Mungu ambariki, akamtembeza nyumba nzima mwenyewe. Nikawa nawasikia: maji yanatoka vizuri, majirani ni watu wazuri, mwenye nyumba hana maneno mengi. (Hapo nilikohoa.)

"Na mlango wa bafuni?" Sista akauliza.

"Huo mwenye nyumba anaukagua sasa hivi."

Mwishowe kijiko kikapatikana. Mwalimu akakipenyeza, tak! Mlango ukafunguka. Nikatoka na koti langu la kanisani, jasho tele, kitasa mkononi, majirani wakanipigia makofi. Sista akanitazama juu mpaka chini kama mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani.

"Nyumba nimeipenda," akasema. "Jumamosi nahamia. Lakini hicho kijiko kibaki."

Nikamgeukia Mwalimu. Ile sauti ya asubuhi niliitafuta, sikuipata. "Mwalimu, tafadhali. Naomba kijiko."

Akaingia bafuni, akakirudisha kwenye msumari wake polepole. "Haya madam, nyumba ndiyo hiyo vile ulinipa. Na kijiko juu."

Fundi anakuja kesho asubuhi. Na wewe uliyeanza kuniita Mama Kijiko kwenye grupu la kanisa, nimekuona.