Mionzi Kwenye Droo ya Kitambi

Jumatatu, 4 Machi
Miaka kumi na moja nachambua vyuma chakavu kwenye yadi hii! Leo usimamizi kapewa Kitambi, shemeji wa bosi. Hajui kutofautisha shaba na bati! Mke wangu ananiambia nimpe hongera, nitulie. Nitulie? Nimesusa chakula.

Jumanne, 5 Machi
Kipima mionzi cha getini kimelia. Mpimaji kachokoa kwenye lori saa kuukuu, namba zake zimepakwa rangi ya mionzi, ile ya kung'aa gizani. Akaeleza kwamba mionzi kidogo iko kila mahali, ila kuna mahali hurundikana: mferejini vumbi linapokusanywa na mvua, au penye kitu kama hicho kilichotupwa ovyo. Mahali hapo hufungwa, mwenyewe anahojiwa. Nikapata akili. Droo ya Kitambi! Na saa kama ile tunayo kabatini, marehemu baba mkwe alituachia.

Jumatano, 6 Machi
Saa ikiwa nzima ingetambulika. Mimi si mjinga. Nimeikwangua kwa kisu chumbani, unga nikauweka kwenye karatasi. Nikapiga chafya! Nusu ikaruka. Nikafuta kwa shuka, nikaitandika tena. Uliobaki nimeumwaga kwenye droo ya Kitambi alipokwenda chooni.

Alhamisi, 7 Machi
Mpimaji kapita. Droo ikalia! Kitambi jasho likamtoka. Raha iliyoje! Kisha kifaa kikanigeukia mimi, kikalia maradufu. Wakanifuata hadi nyumbani. Mpimaji akasema hajapata kuona kitanda cha namna ile. Wamebeba godoro, meza, na suruali niliyovaa. Suruali, mbele ya majirani! Mke wangu akauliza nani kagusa saa ya baba yake. Kapimwa, yuko salama, nashukuru. Akaenda kwa mama yake bila kuniangalia.

Ijumaa, 8 Machi
Kazi sina. Chumba kimefungwa utepe, nalala jikoni. Mpimaji kaniachia karatasi ya maonyo. Eti hata baadhi ya mawe ya itale yana mionzi kidogo. Potelea mbali! Mama mkwe kapiga simu: mwanawe atarudi nikimwomba Kitambi radhi kwa maandishi. Nimelia. Nampenda mwanamke yule. Nimeandika ukurasa mzima, kila neno limetoka moyoni. Kesho naiweka barua mezani kwa Kitambi. Ila pale dirishani pana upepo, itapeperuka. Nimeitafutia kijiwe cha kuikandamiza. Cha itale.