Jukwaa Juu ya Lango la Maji

Hotuba ya Mheshimiwa Fadel Zerwali, Mratibu wa Mkoa wa Utalii Endelevu, katika ufunguzi wa Hoteli ya Mfano ya Jangwani, kijijini Iminwasif, kama ilivyotamkwa. Maneno ya wananchi yamo kwenye mabano. Ifahamike kwamba jukwaa lilisimamishwa juu ya lango la mfereji, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine tambarare, na kwamba asubuhi hiyo zamu ya maji ilikuwa ya Lalla Itto, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vitano. Ami Moha, msimamizi wa maji, alikuwa ameliweka bakuli lake la shaba lenye tundu lielee ndooni, lipime muda kwa kujaa polepole. Bakuli likizama, zamu inahamia kwa jirani, na bustani inayolisha wageni wa Lalla Itto inakaa na kiu mpaka zamu izunguke kijiji kizima.

Mheshimiwa Mwakilishi wa Gavana ambaye hakuweza kufika. Mheshimiwa Naibu wa Mwakilishi ambaye nimeambiwa yuko njiani. Waheshimiwa Wakuu wa Idara, wa Vitengo na wa Vitengo Vidogo vya Vitengo. Wafadhili wetu mliotuma salamu. Wazee wenye busara, kina mama wenye mikono ya dhahabu, vijana nguvukazi, na ngamia, (kicheko) naam, na ngamia, kwa maana katika mkakati wetu ngamia naye ni mdau!

(Makofi. Kwa usahihi, makofi ya dereva wa Mheshimiwa.)

Nasimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa...

(Lalla Itto: "Hapo uliposimama ndipo penye shida! Shuka, baba, nifungulie maji!")

...na nimeguswa, ndugu zangu, kwa jinsi mama huyu anavyotamani nishuke niwe karibu na wananchi, lakini itifaki hainiruhusu kushuka kabla ya kumaliza kurasa hizi. Nikisema uendelevu, simaanishi ule uendelevu wa kienyeji unaoendelea wenyewe bila usimamizi, bali uendelevu ulioratibiwa, uliofanyiwa upembuzi yakinifu, ukajadiliwa katika semina ya ufukweni, ukapimwa kwa viashiria, na ambao kufikia awamu ya tatu utakuwa umeendelea kwa asilimia mia moja na kumi na nne.

(Sauti: "Hizo kumi na nne zimetoka wapi?" Mwingine: "Ufukweni.")

Tazameni nyuma yangu! Kuta za udongo zisizohitaji mashine ya kupoza hewa, paa la magogo ya mitende, jikoni ambako maganda ya mboga yanakwenda kwa mbuzi na majivu yanakwenda bustanini, wageni wanaooga kwa ndoo moja na kushukuru. Je, haya yalijileta yenyewe?

(Lalla Itto: "Niliyaleta mimi na marehemu mume wangu! Hiyo ni nyumba yangu, na kibao chenu mmekipigilia juu ya mlango wangu!")

Ahsante, mama, kwa kuthibitisha ushirikishwaji wa jamii. Sasa nije kwenye kiini, yaani heshima kwa utamaduni wa Waberiberi...

(Sauti nyingi: "Waamazighi, si Waberiberi!")

...nao pia tutawaalika, hakuna atakayebaguliwa. Kwa kuulinda utamaduni huu, ofisi yangu imeagiza kutoka mjini mazulia ya asili yaliyofumwa kiwandani, na kila mhudumu atavaa kilemba cha buluu.

(Mzee mmoja: "Sisi tunavaa cheupe!" Mheshimiwa alitazama karatasi yake.)

Hapa pameandikwa buluu. Zaidi ya hayo, bibi mmoja mwenye chale kidevuni ataajiriwa kuketi mapokezi, akitabasamu, isipokuwa siku za sikukuu. Na mgeni hatamiminiwa tena chai glasi tatu, kwa kuwa wataalamu wamebaini kwamba glasi mbili zinaokoa muda.

(Minong'ono mirefu. Bibi mmoja: "Glasi mbili? Huko si ni kumfukuza mtu?")

Ama kuhusu maji, ndugu zangu, mimi na maji ni mtu na pacha wake. Kila tone litaheshimiwa! Ndiyo maana bwawa la kuogelea litakuwa na umbo la ngamia, ili liendane na mazingira.

(Lalla Itto: "Mheshimiwa, maji yangu yanamwagika mchangani huku unayasifu! Mnanaa umenyauka, turnipu zimepasuka. Wageni wakifika niwapikie hotuba?" Hddu, jirani mwenye zamu inayofuata, ambaye hajasemezana naye tangu ugomvi wa mtende wa mpakani: "Soma taratibu, Mheshimiwa! Usiruke hata nukta!" Kicheko. Ami Moha: "Bakuli limebaki mdomo tu.")

Natambua kiu yenu ya kusikia zaidi. Niseme nini juu yangu mwenyewe nisionekane najisifu? Niseme tu kwamba mkoa huu haukuwa na mratibu kabla yangu, na kwa hiyo yote yaliyokuwepo kabla yangu yalikuwepo bila kuratibiwa. Semeni nami: Jangwa kijani!

(Dereva: "Kijani!")

Mchanga ni mtaji!

(Dereva: "Mtaji!")

Kwa kumalizia, namshukuru Lalla Itto kwa kutuazima nyumba yake kwa ajili ya picha za taarifa, kwa kuwa hoteli yenyewe bado haijatafutiwa kiwanja, na bajeti yake, kwa bahati njema, imetumika yote na kwa wakati, katika upembuzi, semina na ujenzi wa jukwaa hili. Na kwa sababu jukwaa hili ndilo tunda pekee la mradi linaloshikika kwa mkono, natangaza kwamba litabaki hapa lilipo daima, liwe kumbukumbu kwa vizazi. Ahsanteni kwa kunisikiliza!

(Hddu: "Daima? Hata zamu yangu?" Alikuwa wa kwanza kung'oa ubao wa jukwaa, na wengine wakafuata. Mheshimiwa alishuka kwa kusaidiwa, kwa kuwa alipokuwa amesimama hapakuwa tena na mahali pa kusimama. Lalla Itto alilifungua lango kwa jembe. Watu wote wakamgeukia Ami Moha, ambaye inasemekana hakuwahi kumpendelea hata mama yake mzazi. Alikuwa amepiga magoti kando ya ndoo, mkono umeingia majini hadi kwenye kifundo, kidole kikiwa chini ya bakuli.

"Ami, limezama?" Hddu aliuliza.

"Bado."

Hddu aliitazama ndoo, akamtazama Lalla Itto aliyekuwa ameshainama kwenye matuta yake, kisha akageuka kuwaangalia ngamia. "Basi. Likizama mtaniita."

Kwa kumbukumbu za ofisi: bakuli lilikuwa linaelea.)